Majani Mawili na Chipukizi Angani

"Mimi na usingizi hatujuani," Wanjuhi alitangaza. "Hata tukikutana njiani hatusalimiani."

Alitangaza hayo akiwa katikati ya michai, kikapu mgongoni, umande umemlowesha hadi magotini. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sweta yake alikuwa ameivaa ndani nje, kwa sababu Shosho alikuwa amemwamsha mara nne kwa mdomo na mara ya tano kwa kikombe cha maji baridi.

"Basi yule niliyemmwagia maji leo alikuwa nani?" Shosho aliuliza bila kuinua macho. Vidole vyake vilikuwa vikichuma chap, chap, chap. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Jani gumu hakuligusa.

"Huo ni usingizi wa asubuhi, Shosho. Huo tunajuana kidogo. Mimi nasema ule wa usiku."

"Haya, wajina. Leo usiku tutaona."

Shosho alimwita mjukuu wake wajina kwa sababu yeye pia aliitwa Wanjuhi. Msichana alikuwa amerithi jina hilo kama ilivyo desturi ya Wagikuyu, na pale kwenye vilima vya juu ya Merigi jina hilo lilikuwa na sifa zake. Walipofika kwenye kituo cha kupimia majani, karani Joab alizamisha mkono kikapuni hadi chini kabisa, kama alivyofanyia kila kikapu. Wako watu waliopanga majani laini juu na kuficha magumu chini, na mkono wa Joab uliwajua wote kwa majina.

"Kikapu cha Wanjuhi," Joab alisema akitoa mkono. "Juu ni hivyo, chini ni hivyo. Peleka kwenye mizani."

Wanjuhi mdogo alitembea kuelekea shuleni kifua mbele, kana kwamba majani yale yote alikuwa ameyachuma yeye. Ukweli ni kwamba alikuwa amechuma kiasi cha kujaza kofia.

*

Jambo la usiku huo lilikuwa limeanza Jumatatu. Mwalimu Kipngetich, anayefundisha sayansi Gredi ya Saba, aliingia darasani amebeba mkoba mweusi kama anayebeba mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na kamera yenye lenzi ndefu. Rafiki yake anayefundisha chuoni Kericho alikuwa amemwazima, na angeifuata Jumapili asubuhi.

"Wiki hii hakuna mwezi angani," mwalimu alisema, "na mvua ya masika haijaanza vizuri. Tukifanya bidii tutapiga picha ya galaksi. Si moja. Tatu, zote katika picha moja."

Darasa lililipuka. Mwalimu alisubiri kelele zipungue, kisha akaeleza kwamba jua letu ni nyota moja tu katika kundi la nyota mabilioni, na kundi hilo ndilo galaksi yetu. Nje yake, mbali mno, ziko galaksi nyingine. Tatu kati ya hizo huonekana karibu karibu, kwenye nyota zinazoitwa Simba, ambazo mwezi wa Machi huchomoza upande wa mashariki giza likiingia.

"Ziko mbali kiasi gani, mwalimu?" Phanice aliuliza.

"Mwanga wake ulianza safari miaka milioni thelathini na tano hivi iliyopita. Duniani hakukuwa na mtu hata mmoja."

"Na bado haujafika?" Kipyegon aliruka. Kipyegon hakuweza kukaa dakika tano bila kuchekesha watu. "Kwani ulipanda ng'ombe?"

"Unafika leo usiku, Kipyegon. Na ukikukuta umelala, unapita. Haukugongei mlango."

Halafu akawaeleza kazi yenyewe. Picha moja haitoshi. Mwanga wa galaksi ni hafifu sana, na katika picha moja hufunikwa na chenga chenga za kamera. Lakini ukipiga picha mia sita, tarakilishi huzipanga moja juu ya nyingine. Chenga hubadilika katika kila picha, kwa hiyo hufifia. Mwanga wa kweli hurudi palepale, kwa hiyo hujikusanya.

"Kama chai," Wanjuhi alisema. "Jani moja halifanyi kikombe."

"Hasa! Kama chai." Mwalimu alifurahi hadi akasahau kwamba Wanjuhi hakuwa ameinua mkono.

Wanafunzi watatu wa chama cha sayansi wakachaguliwa, kila mmoja picha mia mbili. Kipyegon angepiga Jumatano, Phanice Alhamisi, na Wanjuhi Ijumaa. Kazi ingefanyika nyumbani kwa Shosho, kwa kuwa boma lake lilikuwa kileleni, halina taa za nje, na mbele yake hakuna kitu ila majani chai yanayoteremka hadi bondeni. Picha ikitokea vizuri, ingepelekwa kwenye maonyesho ya sayansi mjini Bomet.

Jumatano Kipyegon alipiga zake mia mbili huku akilalamika kwamba vidole vimegeuka barafu. Alhamisi Phanice alipiga zake mia mbili bila kulalamika, ila mbu walimuuma kwenye sikio na asubuhi sikio likawa kama andazi.

Wanjuhi aliwacheka wote wawili. "Ngojeni Ijumaa muone mtu," alisema.

*

Ijumaa saa mbili na nusu usiku, Mwalimu Kipngetich alisimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu karibu na zizi, akailenga kwenye mguu wa nyuma wa Simba.

"Unakumbuka?" aliuliza. "Bonyeza kitufe hiki cha waya, usiguse kamera yenyewe. Kila picha ishirini, sogeza kamera kidogo kufuata nyota, maana dunia inazunguka. Ukimaliza, hamisha picha kwenye laptopu, kwenye folda yako. Nikae nawe?"

"Aa, mwalimu! Nenda ukapumzike. Mimi na usingizi hatujuani."

Mwalimu alikaa kidogo, akamtazama akipiga kumi za kwanza vizuri, akateremka kwenda nyumbani kwake, nyumba ya tatu chini ya kilima. Shosho alikuwa jikoni akitokosa githeri, mahindi na maharagwe.

Lo, anga la usiku huo! Nyota zilikuwa nyingi hadi Wanjuhi akahisi kwamba mtu amemwaga unga. Kila alipobonyeza alijiambia kwamba ameshika mwanga uliotoka huko kabla ya Adamu. Kumi na moja. Kumi na mbili. Ishirini, sogeza kamera. Thelathini. Saa tatu kasorobo. Ng'ombe zizini alikuwa akicheua polepole, kra, kra, kra, kwa mdundo uleule. Wanjuhi akaona si vibaya kukaa kwenye gunia. Thelathini na tano. Si vibaya pia kuegemeza kichwa kwenye nguzo ya zizi, mradi macho yako wazi. Arobaini, sogeza kamera. Arobaini na moja.

Alipofumbua macho, Simba hakuwepo.

Wingu zito lilikuwa limetanda kutoka upande wa mashariki hadi utosini. Saa ya kamera ilisema saa tano na dakika kumi. Wanjuhi aliruka, na shali ya zambarau ikaanguka kutoka mabegani mwake. Hakuwa na wakati wa kujiuliza shali ilitoka wapi. Alisubiri dakika kumi wingu liondoke, na wingu likajibu kwa matone mawili ya mvua puani.

Picha arobaini na moja. Kipyegon angecheka hadi Krismasi.

Alibeba kamera ndani na kuhamisha picha kwenye laptopu. Namba ile, arobaini na moja, ilimkodolea macho. Ndipo kidole chake kikapata wazo ambalo kichwa kingelikataa. Alichagua picha ya arobaini na moja. Akainakili. Akaibandika. Akaibandika tena, na tena, akiipa kila nakala namba mpya, mpaka folda ikasoma mia mbili kamili.

"Zote ni picha," alijinong'oneza. "Si ni anga lilelile?"

Kisha akapanda kitandani. Usingizi ambao hawajuani nao ulikataa kuja hadi saa nane.

*

Jumamosi saa nane mchana walikusanyika sebuleni kwa Shosho. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote. Mwalimu Kipngetich alifungua laptopu mezani, Kipyegon na Phanice wakajibana upande huu na huu, na Wanjuhi akasimama nyuma yao, mahali ambapo mtu hawezi kuonwa uso.

Tarakilishi iliunguruma robo saa nzima ikizipanga picha mia sita. Kisha picha moja ikafunguka.

"Ile pale!" Phanice alipiga kelele. "Ile! Na nyingine!"

Kweli, katikati ya nyota kulikuwa na mawingu mawili madogo ya mwanga, marefu kidogo, yameinama kuelekeana. Lakini mahali pa galaksi ya tatu palikuwa na chenga tupu, kama ukurutu.

"Ajabu," mwalimu alisema. "Picha mia sita zilitakiwa kutosha. Hebu tuzitazame moja moja."

Alizipitisha haraka haraka, zikawa kama sinema. Katika folda ya Kipyegon nyota zilitembea kidogo kidogo kuelekea upande mmoja, zikarudishwa, zikatembea tena, kama ng'ombe wanaotoka njiani na mchungaji akiwarudisha. Folda ya Phanice ilikuwa hivyo hivyo. Akafungua ya Wanjuhi. Nyota zikatembea, zikarudishwa. Zikatembea, zikarudishwa. Kisha zikasimama.

Zikasimama kabisa. Mwalimu alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Hamsini, themanini, mia na ishirini. Hakuna nyota iliyosogea hata unywele.

"Jana usiku," Mwalimu Kipngetich alisema polepole, "kuanzia picha ya arobaini na moja, dunia iliacha kuzunguka."

"Ndiyo maana!" Kipyegon alisema. "Hata mimi nilihisi breki kitandani!"

Phanice alicheka. Mwalimu hakucheka. Aligeuza kiti.

"Wanjuhi?"

"Labda..." Wanjuhi alianza. "Labda ni kamera, mwalimu. Labda ilikwama. Mimi nilikuwa nabonyeza tu. Sikufumba jicho usiku kucha, nakuapia."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Shosho aliingia na birika la chai mkono wa kulia na vikombe mkono wa kushoto. Aliviweka mezani kimoja kimoja. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kukaribisha wageni:

"Wajina, shali yangu uliiweka wapi?"

Wanjuhi aliangalia miguu yake.

"Nilitoka saa tatu na nusu kukuitia githeri," Shosho aliendelea. "Nikakukuta unakoroma kuliko ng'ombe. Nikasema huyu amemaliza kazi yake, amechoka, nimfunike. Asubuhi nikangoja uniambie ulipiga ngapi. Hukuniambia."

Machozi yalimtoka Wanjuhi bila ruhusa.

"Arobaini na moja," alisema. "Nilipiga arobaini na moja. Zile nyingine ni moja tu niliyoinakili. Niliona haya. Nilikuwa nimejisifu sana."

Shosho alimimina chai kwanza, vikombe vyote vitano, kabla hajazungumza.

"Jana asubuhi ulimwona Joab akizamisha mkono kikapuni?"

"Nilimwona, Shosho."

"Mimi nimepeleka majani pale miaka thelathini na sita. Siku nimechuma kidogo, napeleka kidogo. Joab hajawahi kunicheka kwa kikapu chepesi. Lakini kama angepata jani moja gumu chini, kuanzia siku hiyo kila kikapu cha Wanjuhi kingemwagwa chini na kuchambuliwa mbele ya watu. Na Wanjuhi wako wawili hapa. Jina hilo wewe unalivaa, na mimi bado sijalivua."

Wanjuhi alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Mwalimu, naomba radhi. Kipyegon, Phanice, nimeharibu picha zenu. Kamera si inaondoka kesho? Naomba usiku wa leo. Nipigie hesabu wewe mwenyewe, mwalimu. Nitapiga zote mia na hamsini na tisa zilizobaki, hata ikinyesha mawe."

"Ikinyesha mawe tutaingiza kamera ya watu ndani," mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nyota zisimame, akatabasamu. "Kosa umelikubali. Sasa tuombe anga."

Alizifuta nakala zote mia na hamsini na tisa mbele ya macho yao. Folda ikabaki na arobaini na moja. Ilionekana ndogo, lakini Wanjuhi alihisi kifua kimepata nafasi.

*

Saa kumi na mbili jioni mvua ilinyesha. Saa moja ilinyesha. Saa mbili ilinyesha kidogo. Wote watano walikuwa wamejipanga chini ya paa la zizi kama kuku, wakitazama juu. Kipyegon alikuwa ameruhusiwa na mama yake, na Phanice alikuwa amefunga sikio lake kwa kitambaa asije akaumwa la pili.

"Wanjuhi," Kipyegon alinong'ona, "muulize usingizi kama anaweza kuzuia mvua. Si ninyi ni marafiki?"

"Nyamaza wewe."

Saa tatu na robo, Phanice aliona nyota moja. Kisha nyota tano. Wingu lilipasuka upande wa mashariki na kuanza kukunjika kama mkeka, na anga lililotokea nyuma yake lilikuwa limeoshwa na mvua hadi likang'aa. Simba alikuwa juu, mzima, mguu wa nyuma na mkia.

"Mbio!" mwalimu alisema.

Kamera ikatoka. Mwalimu akalenga, Wanjuhi akashika waya. Moja! Mbili! Shosho alifungua mwavuli na kuushikilia juu ya lenzi ili umande usitue juu yake, na alisimama hivyo bila kutikisika kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kila picha Wanjuhi aliihesabu kwa sauti. Kila ya ishirini, aliisogeza kamera, na Phanice akamulika tochi aliyoifunga karatasi nyekundu. Kwenye sitini vidole vilikufa ganzi. Kwenye tisini Wanjuhi alipiga mwayo mkubwa hadi taya likalia.

"Huyo anabisha hodi," Kipyegon alisema.

"Mwambie sipo!"

Mia moja. Mia moja na ishirini, sogeza. Wingu jipya lilianza kupanda kutoka bondeni, polepole, likimeza nyota za chini moja baada ya nyingine. Sasa wote walikuwa wanahesabu pamoja, hata Shosho: mia moja na arobaini! Mia moja na hamsini! Wingu likafika kwenye kifua cha Simba. Mia na hamsini na saba! Na nane! Na tisa!

Wanjuhi alibonyeza mbili zaidi za ziada kabla wingu halijafunga mlango.

Robo saa ile ya kungoja tarakilishi ilikuwa ndefu kuliko miaka milioni thelathini na tano. Kisha picha ikafunguka. Galaksi ya kwanza. Ya pili, pembeni yake. Na kando yao, nyembamba, hafifu, imesimama peke yake kama kitu ambacho hakijafunguka, ya tatu.

Wanjuhi akaweka kidole kwenye kioo.

"Shosho, angalia! Majani mawili... na chipukizi!"

Kelele iliyopigwa pale sebuleni iliamsha mbwa wa kilima kizima. Kipyegon alicheza. Phanice alikumbatia laptopu, mwalimu akamwomba aiachie. Shosho alivaa miwani, akainama, akaitazama picha kwa muda mrefu, kama anavyotazama michai yake kabla ya kuchuma.

"Lile chipukizi halikutokea mchana," Mwalimu Kipngetich alisema, "kwa sababu nakala haiongezi mwanga. Ukirudia picha moja mara mia, unarudia na makosa yake mara mia. Kumbukeni hilo hata baada ya kusahau mambo ya nyota. Kazi uliyoifanya, hata iwe ndogo, inaonyesha kitu. Ile ya kujifanya inafunika hata kazi ya wenzako."

"Ndiyo, mwalimu," Wanjuhi alisema. Safari hii hakuongeza neno.

*

Alhamisi iliyofuata, kwenye maonyesho mjini Bomet, watu walijazana mbele ya picha. Shosho alikuwa amekuja na nguo zake za kanisani, akakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya meza. Mama mmoja aliyevaa beji ya waamuzi alisimama, akainama, akashangaa.

"Hizi ni galaksi? Zimepigwa hapa hapa Bomet? Nani alikesha kuzipiga?"

Kipyegon na Phanice walimwangalia Wanjuhi. Wanjuhi alihisi kifua kikijaa, kile kifua chake cha siku zote. Watu walikuwa wengi. Beji ilikuwa inang'aa.

"Sisi watatu," alisema. "Na kwa upande wangu mimi, mama, nikwambie ukweli, mimi na usingizi..."

Nyuma yake alisikia kitambaa kikikung'utwa, pa! Aligeuka. Shosho, bila kumtazama, alikuwa ameitoa shali ya zambarau mkobani na alikuwa anaikunja magotini, polepole, kona kwa kona.

Wanjuhi alikohoa.

"...tunajuana vizuri sana," alimalizia. "Usiku wa kwanza nililala kwenye picha ya arobaini na moja. Keti, mama, nikueleze yote."